Ua la Mukuba Katika Lupango ya Mama

Ninyi mtakaosoma, nawaomba radhi kabla sijaanza. Mkono wangu unaandika polepole, na herufi zangu zinaegemea upande mmoja kama nyasi baada ya mvua kubwa. Shule yangu iliishia darasa la sita, na tangu hapo nimeshika mtaimbo zaidi kuliko kalamu. Mkikuta neno limeandikwa vibaya, lisomeni kwa sauti, labda sikio litalitambua.

Naitwa Kalenga. Nimestaafu kuchimba. Najua mtacheka, maana sina hata mvi moja kichwani. Hapa Kolwezi wastaafu ni wazee wenye kofia, waliofanya kazi kwenye mashine kubwa zamani, na asubuhi wanakaa kwenye jua kukumbushana. Mimi huenda kukaa nao. Goti langu la kushoto lilibanwa na jiwe, halikunji tena vizuri, na nikipanda mlima kifua changu kinapiga filimbi. Wazee wananiita "pensheni yetu ya mwisho". Siku hizi natengeneza baiskeli. Lakini kazi niliyoijua kweli ni ile ya chini ya ardhi, na ninyi mnaomaliza shule ya msingi mmeanza kuichungulia. Nawaona mkisimama kwenye midomo ya mashimo na madaftari yenu mkononi. Mimi si msemaji. Hata kanisani nikiombwa kusoma, naangalia viatu vyangu. Kwenye karatasi najaribu.

Nataka niwaambie jinsi nyumba ya mama yangu ilivyokwenda kwa sababu ya ua dogo la zambarau. Goti ni habari ya shimo lingine, wala halinisumbui kama ile nyumba.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kyungu (tata kwetu ni baba), mtu wa kaskazini, upande wa Manono, Mprotestanti aliyeimba nyimbo za kanisa kwa pua huku akichimba. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na Papi. Papi alikuwa wa umri wangu na mdomo wake haukuwa na Jumapili. Yeye ndiye aliyenipa jina la Redio, kwa sababu nilikuwa sisemi.

"Redio, leo tena betri imekufa?" aliniuliza kila asubuhi.

"Umuache," Tata Kyungu alimwambia. "Mutu wa kunyamaza, eye njo anasikia udongo. We Papi, udongo njo inakusikia we."

Kwa Tata Kyungu nilijifunza mambo ambayo hata leo yananishangaza. Kwa mfano, hewa inaweza kutuama kama maji katika beseni. Mtu anasimama juu ya shimo anapumua vizuri, na chini kuna hewa nzito imelala, inamsubiri. Kila siku kabla hatujashuka, Tata aliwasha mshumaa ndani ya kopo la maziwa na kuushusha kwa kamba. Mshumaa ukiendelea kuwaka, tulishuka. Ukizimika kabla ya kufika chini, tuliketi kula mihogo tukapepea hewa mle ndani kwa matawi, na hakuna aliyeruhusiwa kujifanya mwanamume. Mkienda huko kwa kukosa kitu kingine, basi angalau msiende bila mshumaa.

Na jambo lingine: shimo halijui majira. Mwezi wa sita, baridi yetu ya asubuhi inapouma masikio, shimo linatoa joto kama sufuria. Wakati wa jua kali, linatoa ubaridi. Udongo wa chini unabaki vile vile mwaka mzima, sisi wa juu ndio tunaobadilika. Kumbukeni hilo, maana kuku wa mama watakuja kulijua pia.

Lakini kipawa cha Tata Kyungu kilikuwa kusoma majani. Wengine walichimba mahali jirani amechimba. Yeye alitembea porini na mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Siku moja alitusimamisha mahali ambapo miti iliisha ghafla na kubaki uwanda wa majani mafupi.

"Munaona miti inakomea apa? Inaogopa. Udongo ya apa inauma mizizi yake."

Kisha akapiga magoti mbele ya mmea mdogo usiofika goti, wenye kichwa cha zambarau kama burashi ndogo. Akaushika kwa vidole viwili, bila kuukata.

"Huyu eye haogopi. Anakunywa ile sumu ya benzake, anakuwa muzuri. Ni ua ya mukuba. Ukimuona, ujue shaba iko chini ya miguu yako. Na fasi shaba iko, ile jiwe nyeusi yenye banatafuta sasa haiko mbali."

Tulichimba pale, na ilikuwa kweli: shaba, na karibu yake lile jiwe jeusi, kobalti. Mara nyingine tena alilionyesha ua mahali pengine, ikawa kweli tena. Baada ya hapo tulimwamini Tata Kyungu kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa mama yangu. Jirani walimwita Mama Kalenga, kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza. Baba alifariki nikiwa mdogo. Alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma katika mtaa wa Kasulo, vyumba viwili na sebule, aliyoijenga mwenyewe kila alipotoka kazini, tofali juu ya tofali, mpaka akagongomea ndoano moja nyuma ya mlango ya kutundika koti lake. Sakafu alikuwa hajaimaliza, ilikuwa ya udongo. Mama alitulea kwa kuosha mawe. Wachimbaji walimletea mifuko, yeye aliosha katika mabeseni uani, akatenganisha jiwe jeusi na tope. Mifuko ya watu aliiweka chumbani kwake ili isiibiwe. Hiyo ndiyo kazi iliyonivalisha sare ya shule. Kitu kimoja tu alichokuwa nacho duniani kilichosimama ni ile nyumba.

Mwishoni mwa mvua za mwaka mmoja, maua ya zambarau yaliota katika lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumba. Mama aliyapenda.

"Mi sikupanda ata moja," aliniambia. "Imekuja yenyewe, kama bageni."

Tata Kyungu alipita asubuhi kunichukua kazini. Alifika mlangoni, akaona, akavua kofia. Papi alidhani kuna msiba.

"Mama Kalenga," Tata alisema, "unajua unalalaka juu ya nini?"

"Juu ya matandiko yangu, tata."

"Haina. Unalala juu ya mukuba."

Mama alicheka, lakini alicheka kidogo. Mnapaswa kujua Kasulo ilivyokuwa. Jirani wa kushoto alikuwa amechimba chumbani mwake, sasa ana bati jipya. Jirani wa nyuma alikuwa amechimba jikoni, ana pikipiki. Watu walichimba ndani ya nyumba ili mvua isiingie na jicho la mtu lisiingie. Mchana kutwa ulisikia nyundo chini ya miguu, ukitandika kitanda ulisikia mtu anakohoa chini ya sakafu, na ulimjua kwa kikohozi chake. Jambo linalofanywa na kila mtu halionekani tena kuwa la ajabu. Likabaki jambo moja la ajabu: nyumba ambayo haijachimbwa. Walimuuliza mama sokoni, "We unangojea nini?"

Mama alifikiri kwa siku kadhaa. Aliweka mkono ukutani, akaniangalia mimi, akamwangalia Tata.

"Baba ya batoto njo alijenga hii. Ikianguka, mi nitaingia wapi?"

"Haitaanguka, mama. Tutashuka mu chumba, kisha tutageuka tuende chini ya kiwanja. Ukuta hatutaugusa."

"We ulisha kudanganywa na ile ua?"

"Haiyanidanganya."

Na hakusema uongo. Ua lilikuwa halijamdanganya hata siku moja. Mama akakubali. Aliomba kitu kimoja, kwamba kitanda chake cha ndoa kisinyeshewe. Tulikitoa tukakifunika turubai uani, na yeye akahamia kulala sebuleni.

Tulianza wakati baridi inaingia. Hatukuwa tumeshuka sana, Papi akaokota punje nyeusi katika udongo wa juu.

"Tata, ona. Anaamuka."

Tata Kyungu aliitia mate, akaipima kiganjani. "Ni yeye," alisema. Mama alikuwa mlangoni, amejifunika mdomo kwa kitenge. Siku hiyo alituchinjia kuku mmoja. Waliobaki waligundua joto la shimo, na asubuhi za mwezi wa sita tuliwakuta wamejipanga kwenye mdomo wake, wamefumba macho.

"Ba injinia bamefika mbele yetu," Papi alisema, akiwafukuza kwa kofia.

Kisha udongo ukawa mwekundu. Mwekundu tu, laini, mzuri wa kufinyanga vyungu. Punje nyeusi zikakoma.

Hapa lazima niwaambie desturi yetu. Ndani ya shimo kulikuwa na neno lisilosemwa, nalo ni "hamuna". Tuliamini kwamba jiwe lina masikio, na likisikia mtu anasema halipo, linajiondokea kweli. Kwa hiyo usipoona kitu unasema "analala". Leo analala. Bado analala. Mchimbaji akitamka lile neno lingine humo ndani, wenzake wanampandisha juu akanawe uso kabla ya kurudi. Nimeona watu wazima wakipandishwa hivyo.

Mama aliuliza kila tulipotoka, "Jiwe iko?"

"Inalala, mama," Tata alijibu.

Tukashuka zaidi, tukageuka kama tulivyoahidi, tukaenda chini ya kiwanja. Udongo mwekundu. Papi alipandisha ndoo akisema iko nzito, kwa hiyo jiwe liko karibu. Tata alisema rangi imeanza kuingia giza. Mimi niliombwa nisikilize, nikaweka sikio, nikaitikia kwa kichwa. Kila mmoja alikuwa anaona udongo mwekundu, na kila mmoja alikuwa anawasaidia wenzake wasiuone. Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikifunga minyororo ya baiskeli. Watu watatu wenye macho mazuri, hakuna aliyekuwa mwongo, na tulikuwa na neno moja tu la kutaja kisichokuwepo, nalo lilisema kwamba kipo.

Mama ndiye aliyechoka kwanza.

"Inalala mupaka wakati gani, Tata Kyungu? Mi pia napenda kulala. Kitanda yangu iko inje."

Papi alicheka, akaona Tata hacheki, akaokota ndoo.

Maua yalikuwa yamekauka wakati huo, yamebaki mabua ya kahawia. Siku hiyo, mchana, Tata aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akawa anayatazama. Wakati wa maua macho yetu yaliona rangi tu. Sasa rangi ilikuwa imeondoka, na mtu aliona mpango wake. Mabua yalianza pale kwenye mabeseni ya mama, yakapita kando ya msingi wa nyumba, yakapinda kwenye jiwe la mlango, yakaenda mpaka barabarani. Yalikwenda kwa mstari kama watu wanaongojea maji. Nyuma ya jikoni hakukuwa na hata bua moja.

"Mama Kalenga," Tata aliita. "Maji ya kusafishia mawe, ulikuwa unaimwanga wapi?"

"Apa. Inapita apa tu, inazunguka ile jiwe, inaenda mu barabara. Tangu Kalenga eko mutoto."

Alijibu akipepeta unga, bila kujua amejibu nini. Tata aliinua mkono, akaufuata mstari wa mabua kwa kidole mpaka barabarani. Halafu akauliza mifuko ya watu ilikuwa inalazwa wapi, na mama akasema chumbani, pale pale tulipochimba, na ilikuwa inatoboka, sakafu ilikuwa haiishi kufagiliwa punje.

Mnaona sasa. Mifuko ilileta mbegu za ua kutoka mashimo ya watu, ikadondosha zile punje alizookota Papi, na maji ya mama yalinywesha ardhi shaba ya watu, mwaka baada ya mwaka. Ua lilikuwa linasema kweli, kama kawaida yake. Lilisema: hapa nilipo, udongo ninaokunywa una mukuba. Habari za chini halikuwahi kuzisema, hizo tuliziongeza sisi. Na kinachoniuma ni kwamba sote tulikuwa tumepita Kingamyambo, mahali masalio ya kiwanda yalimwagwa zamani, tukayaona maua hayo hayo yameota juu ya uchafu ambao mtu ameuleta. Tulipita tukasema ni mazuri.

Tata Kyungu aliingia chumbani. Alisimama kwenye mdomo wa shimo, akawafukuza kuku taratibu kwa mguu, akainama.

"Hamuna," alisema humo ndani.

Papi alishika kichwa. Hakuna aliyemwambia Tata anawe uso.

Tulijaribu kurudisha udongo. Lakini tulikuwa tumeugawa. Jirani waliuomba kuinulia milango yao na kuziba madimbwi, na ulikuwa umekanyagwa na mtaa mzima. Papi alikwenda kwa jirani wa kushoto na ndoo.

"Kasulo yote banauzisha udongo," jirani alimwambia, "mwe munakuja kuomba. Mutaweza kuwa tajiri kweli?"

Alitupa kidogo hata hivyo. Tulijaza kwa tulichopata: udongo, vipande vya matofali, majivu, magunia ya mchanga. Tata alilishindilia shimo kwa gogo mpaka mikono ikatoa damu. Lakini ardhi ikishatoka, hairudi ilivyokuwa imelala. Hilo ni somo la bure kwenu. Shimo lililojazwa linaonekana limejaa, na chini linaendelea kujitafutia mahali pa kukaa.

Mvua ya kwanza ilipofika, ufa ulitokea chini ya dirisha. Mama aliupaka tope. Kesho yake tope lilikuwa limefunguka kama midomo. Akapaka tena. Alipaka kila asubuhi, bila kusema neno kwa mtu, kama anayemfunga kidonda mgonjwa. Siku sakafu ya chumba ilipobonyea, tulitoa vyombo. Nyumba ilianguka Jumapili, saa za mchana, watu wakitoka misa. Haikupiga kelele kama nilivyoogopa. Ukuta wa chumba ulijishusha taratibu, kama mtu aliyesimama muda mrefu sasa anatafuta kiti, na bati likaufuata. Hakuumia mtu. Ukuta wa mlango ulibaki wima, na ndoano ya baba juu yake, inanyeshewa.

Wanawake wa kanisa walikuja kumshika mama. Yeye hakulia. Alisema, "Maji yangu njo ilileta ile ua. Ni mi nilipanda."

Hilo neno ndilo linalonifanya niandike. Nimemwambia mara nyingi kwamba maji yake yalitusomesha na kutulisha, na kwamba kosa lilikuwa la sisi tuliolisoma ua vibaya. Ananisikiliza, anasema ndiyo mwanangu, na nikigeuka naona bado anaamini lake. Nyumba naisikitikia, lakini nyumba ni matofali. Najuta kwamba mama yangu, kila akiona beseni la maji, anaona ukuta ukikaa chini.

Baada ya hapo Tata Kyungu alikuja kwa siku nyingi mfululizo. Alichambua matofali, mazima huku, yaliyovunjika kule, akayapanga vizuri kama ya kuanza kujenga. Hakuimba. Siku alipomaliza, alimpa mama ile ndoano aliyoing'oa ukutani, akaaga, akarudi kwao. Vijana walipomtafuta njiani awaonyeshe mahali pa kuchimba, nasikia aliwajibu, "Mi siku hizi sioni maua. Macho imeisha." Macho yake yalikuwa mazima.

Sasa tunapanga chumba kimoja upande wa barabara ya Nzilo. Mama haoshi tena mawe, anauza mkaa. Mabeseni yake ya zamani yako nje, yamejaa kutu, na matofali machache ya baba tumeyatandika mlangoni tusikanyage tope.

Mvua za juzi zilipokuwa zinaisha, aliniita nikiwa natengeneza tairi. Nilimkuta ameinama kando ya matofali yale. Lilikuwa limeota ua moja tu, fupi, na kichwa chake cha zambarau. Nilingoja aling'oe. Nilijua ataling'oa, na nilikuwa nimeshageuza uso nisione.

Akalisogezea vumbi kwa kidole, akalizungushia mawe madogo kuku wasilifikie. Kisha akaangalia barabarani, kushoto na kulia.

"Kalenga," akanong'ona, "usiambie mutu. Batakuja kuchimba."

Ni mara ya kwanza tangu ile Jumapili kumsikia akifanya mzaha, kama ulikuwa mzaha.

Kwa hiyo sitawaambia ni mlango gani. Lakini nawaomba mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Mpeni karatasi yeyote anayepita kwa mtengeneza baiskeli mwenye goti bovu, itanifikia. Kama kwenu ua hili limeota, msiniambie lina uzuri gani. Niambieni ni nani aliwahi kumwaga maji mahali hapo, alikuwa anaosha nini, na watoto wake walisoma mpaka darasa la ngapi. Nitamsomea mama, polepole, neno kwa neno, ajue kwamba wamama wenye maji kama yake ni wengi.